Neti ya malinda au neti ya kliniki? Maoni yangu baada ya kutumia zote hapa Tanga

Niseme mapema kwa wenye haraka: kama hela yako inatosha neti moja tu, chukua ile ya pembe nne yenye dawa, ya bluu au nyeupe isiyo na urembo wowote, na hizi za duara zenye malinda na lesi ziache mpaka uwe umeiona kwa macho yako lebo inayotaja dawa. Hiyo ndo rivyu yenyewe, yanayofuata ni sababu.

Mi nasimamia gesti ya bamkubwa hapa Ngamiani, na kwangu ni Mabawa na mke na watoto, kwa hiyo neti zinapita mikononi mwangu muda wote, nanunua, nafunga, nafua nikisaidiana na dada wa usafi, nashona zilizochanika, na nimeshajua mgeni wa aina gani anachana neti na neti ipi inahimili. Tumetumia za duara, za pembe nne zile wanazogawa kliniki, za nyuzi ngumu za plastiki, na hizi za kwenye fremu ya chuma ambazo kwa sasa kila anayeoa lazima anunue. Ntazipitia zote ila sio kwa urefu mmoja mana nyingine hazina mengi.

Za duara ndo zimejaa kila mahali, maduka ya mapazia na mashuka, wamachinga wanaotandaza chini karibu na soko la Mgandini, hadi wanaopita nazo kwenye baiskeli mitaani. Inakuwa na ringi juu, unapiga msumari mmoja tu kwenye dari imeshakaa, inashuka na malinda yake pinki, zambarau, krimu, chumba kinabadilika kabisa. Sikatai inapendeza, na wageni wanapenda, wengine wanaingia chumbani kitu cha kwanza ni picha. Kufunga ni rahisi kuliko zote na asubuhi unaizungushia fundo inaning'inia juu haikusumbui.

Tatizo linaanza usiku. Juu ni nyembamba chini ndo inapanuka, sasa kwenye kitanda cha sita kwa sita upande wa kichwani na miguuni inavutika mpaka inalala kwenye ngozi, ukijigeuza goti limegusa neti, kiwiko kimegusa neti, na mbu hahitaji kuingia ndani ya neti, anatua nje yake anachomeka mdomo kwenye tundu anakunywa damu anaondoka zake. Kama neti haina dawa hakuna kitu kimemzuia hapo. Nimeona wageni wanatoka asubuhi na mstari wa vipele upande mmoja wa mkono tu, ule uliokuwa umegusa neti usiku kucha.

Na nyingi ya hizi nilizonunua mimi hazina dawa. Ntawapa mfano wa duka moja, jina silitaji, nilienda kuchukua za vyumba vya mbele nikauliza, hii ina dawa? Muuzaji akasema ina dawa kaka, we nusa tu mwenyewe. Nikanusa, kweli inanuka, ila ni harufu ya kitambaa kipya kilichokaa kwenye nailoni, hata pazia jipya linanuka hivo. Nikaomba lebo. Akasema lebo zimebanduka kwenye safari, zote kontena moja hizi. Sasa jamani lebo ya neti ya dawa haibandikwi kwa gundi, inashonwa kwenye pindo pamoja na neti, na imeandikwa jina la dawa, ukubwa wa neti, tarehe ya kutengenezwa na maelezo ya kufua. Majina ya kutafuta ni kama permethrin, deltamethrin, alphacypermethrin, na kwenye hizi za kisasa zaidi utakuta la pili pembeni, chlorfenapyr au PBO. Likiwepo lolote hapo hiyo ni neti ya dawa. Hakuna lebo, hesabu umenunua pazia la kitanda, na kunusa hakukusaidii chochote mana dawa za neti haziachi harufu kali ya kukwambia zipo.

Kwa nini nakazania dawa kiasi hichi? Mbu anayebeba malaria ni jike la anofelesi, na kawaida yake anakuja usiku mzito, kuanzia kwenye saa nne hivi mpaka alfajiri, watu wamelala. Anafuata pumzi yetu na joto la mwili. Akifika kwenye neti isiyo na dawa anatafuta, anazunguka, akipata tundu dogo au mahali ulipoegemea kazi imeisha. Akifika kwenye neti yenye dawa anatua, miguu inagusa nyuzi, dawa inaingia kwenye mishipa yake ya fahamu, anapepesuka anaanguka au anakimbia bila kuuma. Yaani neti ya kawaida ni ukuta, neti ya dawa ni mtego ambao chambo chake ni wewe uliyelala ndani. Na akifa yule mbu hakung'ati wewe wala jirani yako, hii ndo sehemu watu hawaielewi, mtaa ukiwa na neti za dawa nyumba nyingi hata yule asiyekuwa na neti anapata nafuu mana mbu wazee wamepungua. Na mbu mzee ndo hatari, vimelea vikiingia tumboni kwake vinahitaji kama siku 10 hadi 14 kukomaa mpaka vifike kwenye mate, akifa kabla ya hapo hajaambukiza mtu.

Na hii kitu wana Tanga tungeisema kwa sauti: neti ya dawa ni mambo yaliyojaribiwa hapa kwetu. Katikati ya miaka ya 1980 watafiti waliokuwa Muheza, Watanzania na Waingereza, walijenga vibanda vya majaribio, watu wanalala ndani na neti zilizolowekwa permethrin, asubuhi wanahesabu mbu wangapi wameingia, wangapi wameshiba damu, wangapi wamekufa. Neti wakaitoboa makusudi ili ifanane na neti za majumbani kwetu ambazo hakuna isiyo na tundu. Wakaona hata iliyotoboka bado inakinga ikiwa na dawa. Baadae miaka ya 1990 Bagamoyo nako kukawa na mradi mkubwa wa kupeleka neti za dawa vijijini. Kila nikikaa na sindano nashona tundu nakumbuka hilo, mtu wa Muheza alikubali kulala kwenye kibanda usiku kucha ili sisi tujue.

Ukanda wetu huu una historia ndefu na hii homa. Mwishoni mwa miaka ya 1890 Robert Koch, yule daktari Mjerumani, alipokuwa huku aliandika kwamba Wasambaa wa milimani walikuwa wanasema wakishuka tambarare wanaumwa na mbu na ndo wanapata homa. Ni kipindi hicho hicho, tarehe 20 Agosti 1897, Ronald Ross kule India alipasua mbu akaona vimelea vya malaria kwenye ukuta wa tumbo lake, akapewa Nobeli mwaka 1902. Kimelea chenyewe Laveran alishakiona kwenye damu ya mtu mwaka 1880 huko Algeria. Kwa hiyo wazee wa Usambara walikuwa na jibu lao bila darubini. Alafu Wajerumani wakafungua kituo cha utafiti Amani, huko huko milima ya Usambara, mwaka 1902, wakapanda na miti ya kwinini humo humo msituni, na vita ya kwanza ya dunia ilipokata meli, jeshi lao likawa linatumia kwinini inayotokana na magome ya Amani. Miaka ya 1950 Amani ndo ilikuwa kituo cha malaria cha Afrika Mashariki nzima, na hadi leo NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, wapo, Amani na Muheza. Ukipanda milima ya Usambara leo utaona lilelile walilosema wazee, kadiri unavyopanda juu kwenye baridi malaria inapungua, mana baridi inachelewesha vimelea kukomaa ndani ya mbu na mbu mwenyewe anakufa kabla.

Nirudi kwenye bidhaa.

Neti ya pembe nne ya kliniki. Hii mjamzito anapewa akienda kliniki mara ya kwanza, na mtoto anapewa akienda chanjo ya surua. Hailipiwi. Sasa hivi kila mtu anaiona ya kawaida lakini wenye umri wangu mnakumbuka kabla ya hapo, kulikuwa na hati punguzo kuanzia 2004, mama anapewa karatasi kliniki anaenda nayo dukani anaongezea hela, baadae ikawa anaongezea mia tano tu. Na kabla ya neti kuja na dawa ndani ya uzi tulikuwa tunaloweka wenyewe, unanunua kipakti cha Ngao, ile dawa ya kuchovya neti, beseni, glovu, unapima maji, unachovya neti, unaianika kivulini, na kila baada ya miezi sita urudie. Nani alikuwa anarudia? Wachache sana. Ndo mana ilipokuja ya dawa ya muda mrefu, ambayo dawa iko kwenye uzi wenyewe au imefunikwa juu yake kiasi cha kuhimili kufuliwa kama mara 20 na kudumu miaka kama mitatu, mambo yakabadilika. Na nyingine zikawa zinatengenezwa hapa hapa nchini, kiwanda cha A to Z Arusha, kuanzia 2003 kinatengeneza neti za Olyset kwa teknolojia ya Sumitomo ya Japani. Watafiti walipokuja kupiga hesabu waliona kati ya mwaka 2000 na 2015 Afrika iliepuka wagonjwa wa malaria milioni 663, na asilimia 68 ya hao waliokolewa na neti za dawa. Sio sindano, sio vidonge, neti.

Sasa matumizi yake. Sura haina, nikubali. Imekunjwa kwenye mfuko na mikunjo haitoki. Ukiifungua siku hiyo hiyo ukalala, uso unawasha, macho yanachoma, mtu anaitupa kule anasema neti za serikali zina sumu. Itundike kivulini siku nzima, masaa 24, sebuleni au barazani chini ya kivuli, ndo uifunge. Kuwasha kunaisha. Kwa mtoto mchanga mi naacha siku mbili.

Saizi ndo lawama yangu kubwa. Ile yenye upana wa sentimita 160 ni ya kitanda cha nne kwa sita au tano kwa sita, ukiiweka kwenye sita kwa sita yenye godoro nchi nane haifiki kuchomeka chini ya godoro, inaning'inia pembeni inaacha upenyo. Hii imenisumbua sana gesti. Ukipata yenye upana wa 180 angalau unaichomeka, na kama kitanda chako ni kirefu kwenda juu angalia na kimo, cha sentimita 150 kwenye kitanda cha mbao chenye godoro nene kinabaki kifupi. Ushauri wangu ni kumpa fundi cherehani aongeze kitambaa cha shuka pembeni, nchi kama kumi na mbili hivi kuzunguka chini, unachomeka kitambaa unakuwa huharibu neti yenyewe. Hii ndo kazi bora niliyowahi kumlipa fundi kwa upande wa neti, mana neti nyingi zinachanikia chini pale pale pa kuchomeka kwenye mbao au chaga yenye msumari.

Kufua sasa, gesti nyingi hapa mjini zinaua neti zenyewe. Wanaloweka na jiki, wanasugua na sabuni ya unga ya nguvu, wanaanika juani kwenye kamba ikauke haraka kabla mgeni hajaingia. Jiki inamaliza dawa, jua kali linamaliza dawa. Neti ya dawa inafuliwa kwa maji baridi na sabuni ya mche, unaiminya minya taratibu, inakaushwa kivulini, na maji yake unamwaga shimoni au kwenye choo cha shimo, usimwage mfereji unaoelekea baharini wala kisimani mana hizi dawa zinaua samaki. Na kwa hilo hilo, wale ndugu zetu wanaochukua neti za kliniki kwenda kuvulia dagaa na uduvi naomba waache, mtu anakokota vijisamaki ambavyo havijakua na mtoto nyumbani analala bila kitu. Kuna maandishi ya Wagiriki wa kale, zaidi ya miaka 2400 iliyopita, yanaeleza wavuvi wa Misri kwamba mchana wanavua na wavu na usiku wanauzungushia kitandani kujikinga na mbu. Wao walitoa wavu majini wakaupeleka kitandani, sisi tunatoa kitandani tunapeleka baharini.

Kunguni. Kila mwenye gesti ataniuliza hili. Mtaani wanasema neti za dawa zinaleta kunguni. Hapana, hazileti, ila kuna kitu cha kweli nyuma yake na kimechunguzwa vijiji vya Muheza. Neti za dawa zilipoingia mwanzo ziliua kunguni pia, watu walifurahi mno, wengine walizipendea hilo kuliko mbu. Baada ya miaka kunguni wakarudi, na mwaka 2002 utafiti wa huko huko ukaonyesha wamekuwa sugu kwa zile dawa. Kwa hiyo mtu anaona ameweka neti na kunguni wapo, anaunganisha. Kunguni wanakuja na mabegi na magodoro ya mitumba, tibu kitanda chenyewe, neti iache ifanye kazi yake.

Na kama kunguni wameweza, mbu nao. Hapa ndo nawaomba msome lebo kwa makini zaidi. Dawa za kwenye neti zote za mwanzo ni ukoo mmoja, zimeigwa kutoka kwenye ua la pareto, hili linalolimwa nyanda za juu kusini. Mbu wengi sasa wamezizoea, wana vimeng'enya mwilini vinavyozivunja kabla hazijawaua. Ndo zikaja neti zenye PBO, ambayo inavizuia vile vimeng'enya ili dawa ya zamani ifanye kazi, na zenye dawa mbili, ile ya ukoo wa pareto pamoja na chlorfenapyr ambayo inamkata mbu nguvu taratibu, anaweza kufa hata siku ya pili au ya tatu baada ya kugusa. Hii ya dawa mbili ilijaribiwa Misungwi mkoani Mwanza, matokeo yakatoka 2022, watoto waliolala kwenye hizo waliugua malaria pungufu kwa asilimia 44 ndani ya miaka miwili wakilinganishwa na wa neti za dawa moja, na 2023 WHO wakazipendekeza. Kwa hiyo mtu akikwambia neti zote za dawa ni sawa mwambie alete lebo. Ukiwa na uchaguzi, chukua ya dawa mbili. Kwangu watoto wanalala kwenye hiyo.

Zile za nyuzi ngumu za plastiki, sina mengi. Ukiishika inakwaruza kidogo, ila kwa joto letu la Januari na Februari inapitisha hewa vizuri kuliko za poliesta laini mana matundu yake ni makubwa zaidi, na wageni wenye fujo hawaichani kirahisi. Moto wa sigara unaitoboa kama nyingine zote. Kwa chumba kisicho na feni ningeweka hii.

Fremu za chuma, haya. Zipo za kukunja zinazouzwa na neti yake, na zipo za kuchomelewa na fundi wa mageti. Za dukani nyingi ni bomba jembamba, zile plastiki za kwenye kona zinapasuka, ukikaa ukingoni mwa kitanda fremu nzima inayumba, na neti yake nyeupe nzuri yenye milango mitatu ya zipu haina dawa, nimekagua kadhaa sijaona lebo ya dawa hata moja. Zipu inaharibika mapema na ikiharibika umebaki na mlango wazi. Ila wazo la fremu lenyewe ni zuri kuliko yote mana neti inasimama mbali na mwili pande zote. Kwa hiyo nilichofanya ni hiki, na ndo naona mpangilio bora kabisa kwa sasa: nilimpa fundi wa kuchomelea vipimo vya kitanda, akanitengenezea fremu ya bomba la kawaida miguu minne na mbao za kitanda zikabanwa humo, nikapaka rangi, alafu juu yake nikafunga neti ya pembe nne ya dawa kwa zile kamba zake za kwenye kona, chini nimeongeza kitambaa cha kuchomeka. Chumba kimependeza, mgeni anaona fremu, na usiku dawa ipo. Gharama inapanda, sikatai, lakini fremu haichakai, unabadilisha neti tu.

Kuna mambo neti yoyote haifanyi na muuzaji asikudanganye. Haikulindi ukiwa barazani saa tatu usiku unakunywa kahawa, wala kwenye banda la mpira, na kuna anofelesi wanaouma nje. Vaa nguo ndefu, paka dawa ya kujipaka, weka wavu madirishani na kwenye ule uwazi kati ya ukuta na bati. Pwani yetu ina hata aina ya anofelesi anayezaliana kwenye madimbwi ya maji chumvi, kwa hiyo kusema maji ya chumvi hayana mbu sio kweli. Wale wanaokulilia sikioni jioni wengi wanatoka kwenye vyoo na mitaro michafu, hao ni wa aina nyingine, ndo wanaeneza matende na mabusha ambayo ukanda wa Tanga umeteseka nayo miaka mingi, na neti inasaidia hapo pia. Wa dengi wanauma mchana, 2019 ilitupitia hapa Tanga na Dar, wale dawa yao ni kumwaga maji kwenye makopo, matairi na vyungu vya maua, neti ya usiku haiwahusu.

Na mgeni akiamka na homa mi simuuzii panadoli nikanyamaza. Namwambia akapime. Kipimo cha haraka ni tone la damu la kidoleni na dakika kama 15 hadi 20, mstari mmoja wa C huna, miwili unayo. Mambo ya kusema nina malaria mbili leo kwa kuhisi viungo vinauma tuyaache, homa zipo nyingi. Akiwa nayo dawa mseto kwa mtu mzima ni vidonge vinne mara mbili kwa siku, siku tatu, jumla 24, dozi ya pili inafuata masaa nane baada ya ile ya kwanza, na anywe akiwa amekula, ikiwezekana na maziwa au kitu chenye mafuta, na amalize hata akijisikia mzima siku ya pili. Wajawazito na watoto wadogo wasicheze na duka, waende kituoni. Nasema kwa uchungu kwa sababu nchi yetu kwenye ripoti ya WHO ya 2023 ilikuwa moja ya nchi nne zenye zaidi ya nusu ya vifo vyote vya malaria duniani, pamoja na Nigeria, Kongo na Niger. Vipimo vya kitaifa vya watoto chini ya miaka mitano vilionyesha karibu asilimia 14 wana vimelea mwaka 2015 na 2016, ikashuka hadi kama 7 mwaka 2017, na 2022 ikawa kama 8. Imekwama. Inakatisha tamaa mana chanjo zote mbili za malaria zimepita kwenye mikono ya watu wetu, ile ya kwanza ilijaribiwa Korogwe na Bagamoyo, ya pili Bagamoyo tena, watoto wa hapa ndo walichomwa sindano ili dunia ijue inafanya kazi.

Alama zangu basi. Ya duara yenye malinda isiyo na dawa, nyota moja, na hiyo moja ni ya urembo. Ya duara yenye lebo ya dawa, zipo ila chache, nyota tatu, kwa kitanda kidogo tu cha mtu mmoja. Fremu ya dukani na neti yake, mbili. Ya nyuzi za plastiki, nne. Ya kliniki ya pembe nne, nne, ingekuwa tano kama zingekuja kwa saizi ya vitanda vyetu. Ya dawa mbili kwenye fremu ya fundi, tano.

Bei zinabadilika na maelewano ni yako, ila kuwa makini na neti iliyogongwa muhuri kwamba ni ya serikali haiuzwi, ukiikuta dukani mwachie, kuna mama mahali ameikosa. Na kama kuna mtu amekuta za dawa mbili zinauzwa rejareja hapa mjini au Muheza, zenye upana wa 180 na zaidi, aniandikie hapo chini duka lipo mtaa gani, masika inakuja na vyumba vya nyuma bado vina zile za malinda.